Miguu ya Nyuma

Walimwita Chiriku tangu darasa la pili, na haikuwa kwa sababu ya kuimba. Aliongea akila, aliongea akipiga mswaki, na mama yake aliapa kwamba siku moja alimsikia akiongea usingizini, akauliza swali na kujijibu mwenyewe. Alipofika chuo akachagua sanaa za maonyesho, nyumbani hakuna aliyeshangaa. Baba yake, fundi umeme asiyependa kupoteza neno, alisema tu, "Afadhali. Sasa watakaomsikiliza watakuwa wamekuja kwa hiari yao."

Mwaka wake wa pili, chuo kilichagua wanafunzi wachache wa kwenda nje ya nchi kujitolea. Kazi yenyewe ilikuwa kuwaigizia watoto waliolazwa hospitalini na wale wa shule za pembezoni, katika nchi ya mbali yenye baridi. Wenyeji wangetoa tiketi, vitanda na chakula. Wanafunzi wapeleke igizo. Chiriku aliposikia jina lake akapiga simu nyumbani kabla Mwalimu hajamaliza kutaja wengine. Alipofika nyumbani jioni, shangazi yake alikuwa ameshazunguka mtaa mzima na habari hiyo, na majirani wawili walimpa pole ya safari ambayo bado haijaanza.

Kesho yake Mwalimu aliwakusanya ukumbini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na hakuwa na mazoea ya kuzunguka mbuyu.

"Watoto tunaowaendea hawajui lugha yetu, na sisi hatujui yao," alisema. "Kwa hiyo igizo letu halitakuwa na neno hata moja."

Wanafunzi wote wakageuka kumtazama Chiriku, kwa macho ya watu waliofika msibani.

Mwalimu akaendelea. Igizo lilimhusu ng'ombe aliyepoteza kengele yake. Anaitafuta kila mahali, anakutana na mwuza maua, na askari wa barabarani, na watu wanaocheza, mpaka anaipata. Ng'ombe mwenyewe angekuwa watu wawili ndani ya vazi moja.

"Mbele ni Kimya," alisema. Kimya alikuwa kijana mrefu, mpole, ambaye jina lake halihitaji maelezo. "Nyuma ni Chiriku."

"Nyuma wapi, Mwalimu?"

"Nyuma ya ng'ombe."

"Kwenye mkia?"

"Na miguu miwili. Huo mkia ukitaka unaweza kuutikisa."

Chiriku alisubiri watu wamalize kucheka. Mwaka uliopita alikuwa malkia kwenye igizo la chuo, akafa jukwaani polepole kiasi kwamba mlinzi wa ukumbi aliingia kuuliza kama wafunge. "Mwalimu," alisema, "lakini ndani ya vazi hawataniona uso."

"Uso wako naujua. Sauti yako naijua, na majirani wa chuo wanaijua. Nataka kuona una nini kingine."

Basi, kama angerudi nyumbani akaeleza mambo yalivyo, habari ingeishia hapo. Lakini alimkuta mama yake kwenye chumba cha mbele, kilichokuwa ndicho duka lake la ushonaji, na shangazi amekaa juu ya rundo la vitambaa akimsubiri kama mwandishi wa habari.

"Haya, umepewa nani?" mama aliuliza bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Mhusika mkuu," alisema Chiriku.

Hakudanganya. Mhusika mkuu alikuwa ng'ombe, na yeye alikuwa nusu ya ng'ombe, tena nusu yenye maziwa.

"Nilijua," alisema shangazi. "Ni mtu wa namna gani?"

"Ni mama mmoja hivi. Mpole, hana makuu na mtu. Amepotelewa na kitu chake cha shingoni, sasa anakitafuta."

"Mkufu."

"Kama mkufu."

"Anavaaje?" aliuliza mama.

"Madoa. Meusi na meupe."

Mama akakubali kwa kichwa. "Madoa yanampendeza mtu mrefu. Ana mume?"

"Kwenye igizo hajaonekana."

"Kamkimbia," alisema shangazi. "Wanawake wapole ndivyo wanavyofanyiwa." Akasimama, akajifunga mtandio, akatoka. Kabla jua halijazama, mtaa mzima ulijua kwamba Chiriku anakwenda ng'ambo kuigiza mke aliyetelekezwa, anayetafuta mkufu wake wa ndoa.

Mazoezi yakaanza. Chiriku aliinama, akashika kiuno cha Kimya, akafunikwa shuka kuukuu lililosimama badala ya vazi, na kwa siku nyingi alichokiona cha sanaa kilikuwa mshipi wa Kimya. Kimya akienda kushoto, yeye alikwenda kulia. Kimya akisimama, yeye alimgonga. Akichoka kugonga, aliuliza kwa kunong'ona, "Tunaenda wapi?"

"Ng'ombe huyu ananong'ona kwa nyuma," alisema Mwalimu kutoka kwenye kiti chake. "Sijawahi kumwona wa hivyo."

Siku nyingine alisema, "Namwona ng'ombe na mgeni wake. Nataka ng'ombe peke yake."

Chiriku alirudi bwenini mgongo unamuuma, amenuna. Lakini alikuwa mtu wa kazi, hilo hata waliomcheka walilijua. Polepole akaacha kuuliza. Aligundua kwamba Kimya kabla ya kupiga hatua huvuta pumzi kidogo, na pumzi hiyo inafika kiunoni. Aligundua kwamba akitaka kugeuka, bega lake linashuka kwanza. Siku moja wakavuka ukumbi mzima, wakazunguka benchi, wakarudi, miguu minne ikienda kama ya mnyama aliyezaliwa nayo. Akatoka ndani ya shuka akitabasamu, tayari kupigiwa makofi. Ukumbi ulikuwa mtupu. Wenzake wote walikuwa wameshakwenda kula.

"Tumeweza," alisema Kimya, wakafuata chakula.

Jumatano moja alikwenda nyumbani kuchukua nguo, akamkuta mama amezungukwa na kitambaa kizito cheupe chenye mabaka meusi, kimejaa meza na kumwagika sakafuni.

"Mwalimu wako alipita hapa," alisema mama. "Mtu mstaarabu sana. Alielekezwa kwangu na wanafunzi, wala hakujua kama mimi ni mama yako mpaka nilipomwambia. Kaniomba nimshonee ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Hukuniambia kwamba kuna ng'ombe kwenye igizo lenu."

"Yupo. Anapitapita tu."

"Nimemwambia nitashona bure. Ninyi mnajitolea, na mimi nijitolee. Jumamosi wanakuja hao wawili niwapime, miguu ya mbele na miguu ya nyuma." Mama akapitisha mkasi. "Namwonea huruma huyo wa nyuma. Mtoto wa watu anapandishwa ndege, anapelekwa huko kote, kwenda kuwa makalio ya ng'ombe. Sijui mama yake anawaambiaje watu."

Chiriku alisema kichwa kinamuuma, akaenda kulala bila kula. Mama akamwekea maji kando ya kitanda. Aliamini ni uchovu wa kuwa mhusika mkuu.

Kikundi kilikuwa na mpiga ngoma, msichana mcheshi aliyekuwa rafiki yake mkubwa. Ijumaa Chiriku alimshika mkono nyuma ya jiko la chuo.

"Nataka ukapimwe badala yangu."

"Kupimwa nini?"

"Nguo. Kwa mama. Sema wewe ndiye miguu ya nyuma."

Mpiga ngoma alijitazama, halafu akamtazama Chiriku kuanzia chini kwenda juu, safari iliyochukua muda. Yeye alimfikia Chiriku begani, na kwa upana angeweza kumficha. "Vazi litanikaa mimi," alisema. "Wewe litakukaaje?"

"Ng'ombe ana ngozi iliyolegea. Haitaonekana."

"Mwambie mama," alisema Kimya, aliyekuwa amesimama hapo na sahani yake. Wote wawili walishtuka, kwa vile walikuwa wamemsahau.

"Nitamwambia," alisema Chiriku. "Baadaye."

Jumamosi mama akavaa futi yake shingoni, akawapokea wageni kwa soda. Alimpima Kimya haraka. Alipofika kwa mpiga ngoma akasita.

"Wewe ndiye wa nyuma?"

"Ndiyo, mama."

"Huyu wa mbele mrefu hivi, wewe mfupi hivi. Ng'ombe atakuwa anashuka mlima muda wote." Akamgeukia Kimya. "Kweli huyu ndiye mwenzako?"

Kimya, ambaye hakuwahi kusema uongo kwa sababu ya kutosema kitu, alitazama dari. "Leo kuna joto," alisema.

Mama akafungua dirisha, akampima mpiga ngoma mara mbili ili asikosee, akampa soda nyingine na maneno ya kumfariji. "Usijisikie vibaya, mwanangu. Kila kazi ni kazi." Mpiga ngoma akasema asante. Njiani alimwambia Kimya kwamba hajawahi kuonewa huruma vizuri kiasi kile, na kwamba angependa kurudi.

Kabla ya kusafiri ilikuwa lazima wafanye onyesho la kuaga, mchana, kwenye ukumbi wa chuo. Walialikwa wazazi, na watoto wa shule ya msingi iliyopakana na chuo, ili wajaribu kuona kama igizo linaeleweka bila maneno. Vazi lilikuwa lifike mapema, lakini zipu aliyoitaka mama ilikosekana mjini, na mama hakuwa fundi wa kuweka zipu yoyote tu. Baba alilileta asubuhi ya onyesho lenyewe, limekunjwa ndani ya shuka safi, kichwa kikiwa na pembe na kope ndefu kuliko za ng'ombe yeyote duniani.

Nyuma ya pazia Chiriku alijaribu kuingia. Miguu ya vazi iliishia chini kidogo ya magoti. Kiunoni kulikuwa na nafasi ya mtu mwingine. Mgongoni, mahali ambapo nusu mbili za ng'ombe zilikutana, kitambaa kilivutika mpaka mshono ukaonesha meno.

"Usiiname sana," alisema Kimya.

"Nitacheza ng'ombe bila kuinama?"

Mwalimu alilitazama vazi, akamtazama Chiriku, akamtazama mpiga ngoma aliyekuwa ameanza ghafla kukaza ngozi ya ngoma yake kwa bidii. "Tutazungumza baadaye," alisema, akaenda kufungua pazia.

Mama na baba walikaa safu ya pili. Shangazi alikaa safu ya kwanza, na alikuja na majirani wengi. Mwuza maua akaingia, akapita. Askari akaingia, akasimama. Mama alikuwa akinyoosha shingo kumtafuta mwanamke mwenye nguo ya madoa.

"Yuko wapi mwenye mkufu?" aliuliza shangazi, kwa sauti iliyofika jukwaani.

Akaingia ng'ombe. Mbele alikuwa ng'ombe mzuri, wa heshima, anayetembea kwa mawazo. Nyuma alikuwa amevaa kaptura. Mtoto mmoja akauliza kama ng'ombe amekatiwa suruali, na watoto wenzake wakaangua kicheko. Mama akashuka kidogo kwenye kiti.

"Nilimpima yule mtoto," alimwambia baba. "Nilimpima mara mbili."

"Labda amerefuka," alisema baba.

Ikafika mahali ambapo ng'ombe anainama kuchungulia chini ya benchi. Kimya akainama. Chiriku akajizuia kadiri alivyoweza, halafu naye akainama. Mshono ukaachia wote kwa pamoja, kwa sauti ambayo hata watu wa nyuma kabisa waliielewa. Kimya alidhani ni benchi. Akainuka, akaendelea na safari yake, akaenda zake upande wa pili wa jukwaa na kichwa, pembe na miguu miwili. Miguu ya nyuma ikabaki.

Ndani ya kitambaa Chiriku aliona kwanza mwanga umeingia, halafu akagundua mikono yake haijashika kitu. Kicheko kilikuja kama mvua ya ghafla juu ya bati. Kitambaa kilikuwa kimemwangukia kichwani, haoni mbele wala nyuma. Alifikiri kukimbia, lakini hakujua pazia liko upande gani. Alifikiri kusema, maana kusema kulikuwa kumemtoa kwenye matatizo mengi na kumwingiza kwenye mengine, lakini hapa hata akisema, angesema nini? Akabaki ameinama, jasho linamtiririka, akisikiliza.

Halafu akanyanyua mguu mmoja, akautua. Akanyanyua wa pili. Akatikisa mkia, taratibu, kama mtu anayejikuna kichwa akifikiri. Kicheko kikapanda. Akageuka kulia, akapiga hatua chache za haraka, akasimama, akageuka kushoto. Sehemu ya nyuma ya ng'ombe ilikuwa inatafuta sehemu yake ya mbele. Ikamkuta askari wa barabarani, ikampapasa kwa kisigino, ikamkataa. Ikamkuta mwuza maua, ikajaribu kumshika kiuno, mwuza maua akaruka. Mpiga ngoma, akichungulia pembeni ya pazia alikojificha mama asimwone, akaanza kuifuata kwa mapigo, hatua kwa hatua, na watoto wa shule wakawa wamesimama juu ya viti.

Kulikuwa na mtu mmoja ukumbini ambaye hakuwa anacheka. Mama hakuona sanaa. Aliona mshono wake umefumuka mbele ya umati. Akasimama, akawapita watu magoti, akapanda ngazi za jukwaa. Siku zote alikuwa na sindano yenye uzi kwenye ukosi wa gauni lake, hata akienda kanisani au sokoni, na hapo aliichomoa akitembea. Akaikamata nyuma ya ng'ombe kiunoni, akanyanyua kitambaa kutafuta pindo.

Chini ya kitambaa akakuta uso wa binti yake.

Walitazamana. Hakuna ukumbini aliyejua kama hili limo kwenye igizo au halimo. Mdomo wa Chiriku ukasema "samahani" bila sauti. Mama akamtazama tena, kaptura ile, magoti yale marefu aliyoyafunga bandeji utotoni, na kila kitu kikamkalia sawa kichwani: madoa, mkufu, joto la siku ile. Kimya alikuwa ameshagundua kwamba amepungukiwa, anarudi kinyumenyume. Mama akamvuta kwa shati, akaleta pindo mbili pamoja, akashona amesimama palepale, mishono mikubwa, akivuta uzi kwa nguvu iliyozidi kidogo mahitaji. Akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. Kisha akampiga ng'ombe kofi moja la makalio, kofi la kweli, akashuka jukwaani.

Watu walisimama kumpigia makofi. Shangazi aliwaambia majirani kwamba huyo ni wifi yake na kwamba kofi lile wamelifanyia mazoezi kwa miezi.

Nyumbani jioni ile mama alinyamaza, na hiyo haikuwa kawaida. Kunyamaza ilikuwa kazi ya baba. Chiriku alimfuata chumba cha mbele.

"Niliona aibu, mama," alisema. "Watu wote walishajua mimi ni mhusika mkuu."

"Walijua kutoka kwa nani?"

"Kwa shangazi."

"Na shangazi alijua kutoka kwa nani?"

"Kwangu," alisema Chiriku.

"Mimi nashona tangu hujazaliwa," alisema mama. "Mtu akipendeza anasifiwa yeye aliyevaa. Sijawahi kumfuata mtu kwenye harusi yake niwaambie watu nani kashona."

"Uliwahi," alisema baba kutoka sebuleni. "Kwa jirani."

"Mara moja," alisema mama. "Na waliuliza wenyewe."

"Hawakuuliza."

Mama akatafuta kitu cha kumrushia, akakosa, akaanza kucheka bila kupenda. Chiriku akacheka naye, halafu kicheko kikamgeukia akalia, na mama akamwacha alie kidogo huku akichambua pini. "Kilichoniuma si ng'ombe," alisema mwishowe. "Nilimhurumia mtoto wa watu hapa, nikampa soda mbili, kumbe maneno yale nilikuwa nakwambia wewe. Na wewe ukaenda ukalala nayo na njaa."

"Ulisema sijui mama yake anawaambiaje watu."

"Sasa najua," alisema mama. "Nimeulizwa na wanne njiani. Nimewaambia ni wangu." Akavuta futi shingoni. "Simama sawasawa, mhusika mkuu, nikupime."

Jumatatu Mwalimu alikuja dukani na ombi ambalo mama alilichukulia kama tusi.

"Unataka nishone kitu kichanike?"

"Kila siku. Mahali palepale. Hapo ndipo watoto walipotuelewa."

Mama alisema yeye ni fundi na hajasomea kuharibu. Mwalimu akasema anaelewa, akanywa chai yake. Alipoondoka mama alikuwa ameshatoa kopo la vifungo vya kubana na kuvipanga mezani kwa ukubwa. Siku zile zilizobaki, nyumba nzima ilisikia mchaniko. Alijaribu vifungo vidogo, vikaachia mapema. Akajaribu vikubwa, vikagoma kuachia, Kimya akaanguka navyo. Baba alitolewa kwenye gazeti lake mara nyingi kuwa nusu ya ng'ombe, na akaonekana kuipenda kazi, kwa vile haikuwa na maneno. Mpaka mama akapata: vifungo vya wastani, na chini yake ukanda mwepesi ulioshonwa kwa uzi dhaifu, kwa ajili ya sauti.

Ilibidi pia apatikane mtu wa kupanda jukwaani na sindano, na kazi hiyo ikamwangukia mpiga ngoma. Alikuja kila jioni kufundishwa.

"Unashika sindano kama unataka kumchoma mtu," mama alimwambia. "Mshonaji hamtazami watu, anatazama kazi yake. Na kofi usilipige kwa hasira."

"Wewe ulipiga kwa hasira, mama."

"Mimi nilikuwa na sababu."

Shangazi kwa upande wake hakurudi nyuma hata hatua moja. Mtaani alieleza kwamba hiyo ni sanaa ya kisasa, kwamba mwanamke yule mpole ametelekezwa mpaka akajiona kama ng'ombe aliyekatika vipande viwili, na kwamba mtu asiyesoma hawezi kuiona hiyo mara ya kwanza. Mwalimu aliposikia maelezo hayo akaomba yaandikwe kwenye karatasi ya kuwaeleza wenyeji.

Siku ya safari walifika uwanja wa ndege na masweta ambayo mama alikuwa amewashonea mifuko ya ndani, na Chiriku alikuwa amevaa mawili kwa pamoja, anatokwa jasho. Kwenye ukaguzi, afisa mmoja alifungua begi lake, akavuta kitambaa chenye mabaka, akaendelea kuvuta, mpaka ukatoka mkia.

"Hii ni nini?"

"Ng'ombe," alisema Kimya.

"Kichwa kiko wapi?"

"Kwangu."

Afisa akaangalia begi la Kimya, akaamua kutoliuliza swali. "Na hii nusu ni ya nani?"

Foleni ilikuwa ndefu, na wazazi walikuwa bado wamesimama upande wa pili wa kamba. Chiriku akavuta sweta. "Yangu. Mimi ndiye nyuma."

"Unafanyaje?"

Basi akainama palepale, kati ya mabegi, akapiga hatua zake chache, akasimama, akatikisa mkia usiokuwepo. Mzee mmoja kwenye foleni akacheka mpaka akakohoa. Afisa alikunja vazi kwa uangalifu kuliko alivyolikunjua, akawapungia wapite. Chiriku alipogeuka kuaga, baba alikuwa amenyanyua mkono mmoja, na mama alikuwa akimwonesha kwa vidole kwamba sweta la juu amelivaa ndani nje.

Alipiga simu baada ya onyesho la kwanza. Mama aliweka sauti kubwa ili baba na shangazi wasikie, na mteja aliyekuwa akisubiri suruali yake akasogeza kiti.

"Walicheka?" aliuliza mama.

"Mwanzoni hapana," alisema Chiriku. "Ilikuwa wodi, watoto wengine wamelala, wengine wana mirija. Nilisikia kimya kabisa, nikasema leo tumekwisha. Vifungo vikaachia vizuri, Kimya akaenda zake, nikabaki peke yangu. Bado kimya. Halafu mtoto mmoja akapiga kelele."

"Ya kulia?" aliuliza shangazi.

"Ya kunielekeza. Halafu mwingine, halafu wodi nzima. Wananiambia Kimya yuko wapi. Neno moja hilohilo, wanalirudia, na mimi ndani ya kitambaa sielewi hata herufi. Nikasema ngoja nifuate sauti."

"Ukamkuta?"

"Nikakuta kabati la dawa."

Baba akatoa kicheko kifupi, cha kwanza kusikika na mteja yeyote wa duka lile.

"Muuguzi alicheka mpaka akakaa kitandani kwa mgonjwa," alisema Chiriku. "Wakaniita tena, polepole safari hii, kama wanamfundisha mtu mzito wa kuelewa. Nikafuata, nikamgusa Kimya kiunoni, mama, wakapiga makofi mpaka na wale waliokuwa wamelala wakaamka."

"Na mshonaji?"

"Sindano kaishika vizuri. Kofi amezidisha."

"Nitaongea naye," alisema mama. "Hilo neno walilokuwa wanakwambia, maana yake nini?"

"Nimeuliza watu wawili. Mmoja kasema ni 'mbele', mwingine kasema ni 'ng'ombe'. Kesho tuna wodi nyingine, nitasikiliza tena."

Akalitamka neno lenyewe. Mama akalijaribu, akakosea, akalijaribu tena, na shangazi akasema yeye analijua, ila si la kutamkwa mbele ya wateja.